Mashua ya Bi Somoe na Waliotumwa Kuitazama

Hapo zamani, siyo zamani ya vitabuni, zamani ya mama zetu walipokuwa wakisukana barazani na kumsengenya kila apitaye, paliishi katika kijiji cha Mkongoroni mjane aitwaye Bi Somoe. Mume alipokufa alimwachia kitu kimoja tu: mke mwenza, jina lake Sikudhani. Mashua Bi Somoe alijinunulia mwenyewe, kwa bangili zake za arusi, na ndiyo iliyomlisha.

Siku moja redio ikasema kimbunga kinakuja, kesho alasiri kitafika. Bi Somoe goti limemvimba kama fenesi, hata mlangoni hafiki. Mashua iko pwani, wazi, inangoja kuvunjwa. Akalia, akajifuta, akawaita majirani.

"Atakayeniokolea chombo changu, nusu yake ni yake. Nyie mashahidi."

Asubuhi akamwita nahodha wake, Shaweji.

"Itoe pwani, ipeleke horini, bahari inakoingia ndani ya mikoko, uifunge."

"Ondoa shaka, Bi Mkubwa."

Shaka yenyewe haikuondoka. Tangu lini Shaweji akaitika mara moja? Akamwita shemeji yake, Mikidadi, fundi wa mashua.

"Shemeji, mfuate Shaweji, umtazame."

Mikidadi hajafika hata kisimani, moyo wa Bi Somoe ukaruka tena. Shemeji huyu, tangu matanga, kila akipita huipapasa ile mashua kama anayeiposa. Akapaza sauti juu ya ua wa makuti.

"Sikudhani we! Nenda kawatazame wote wawili."

"Na mimi nani atanitazama, dada?"

"Mungu."

Basi. Shaweji akaingiza mashua horini, akalaza mlingoti, akaifunga kwa kamba mbili nene kwenye mkoko mkubwa kuliko yote. Halafu akachomoa usukani, akautia begani, akaenda nao kwake. Mwenyewe alisema bila usukani haibiwi mtu chombo. Haya, tumsadiki.

Mikidadi alikuwa nyuma ya mikoko, tope magotini. "Ahaa! Kauchukua usukani ili arudi nao, aikimbize mashua, aje aseme imechukuliwa na kimbunga." Akachomoa kizibo cha chini, maji yakaingia. Akajaza mawe mpaka mashua ikakaa kwenye tope, ukingo tu ukabaki juu.

"Njoo sasa, Shaweji, uibe jabali!"

Huyo akaondoka. Akaja Sikudhani, akakuta mashua imezama. "Yallah! Wameizamisha. Kimbunga kikipita watazivuta kamba hizi, waiopoe, wagawane." Akafungua kamba zote mbili, akajitwika, akazitupa miguuni pa mke mwenzake.

"Ushahidi huu hapa, dada. Wezi wako wawili, siyo mmoja."

"Na mashua?"

"Imo majini."

"Juu ya maji au chini ya maji?"

"Chini."

Bi Somoe akazikumbatia zile kamba kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Kutuma mtu wa nne hakukuwezekana tena, upepo ulikuwa umeshaanza kubeba mabati.

Kimbunga kikaja. Kikaezua, kikang'oa, kikapita. Kesho yake Bi Somoe akabebwa juu ya kitanda chake mpaka horini. Pwani wamepita juu ya vipande vya mashua za watu. Horini ule mkoko mkubwa haupo, umeng'olewa na mizizi yake, umekokotwa mpaka bahari kuu. Wakaingia majini, wakatoa mawe, wakaziba, wakakumba maji. Mashua ikainuka. Nzima! Hata ufa haina.

Hapo ndipo vilio vilipokwisha na maneno yakaanza.

Shaweji akasema, "Nusu ni yangu. Ningeiacha pwani, leo mngekuwa mnaokota kuni."

Mikidadi akasema, "Nusu ni yangu. Ingekuwa inaelea, leo mngeishusha kutoka juu ya paa la msikiti. Mawe yangu ndiyo yaliyoishika."

"Mawe hukuyaweka kwa sababu ya upepo, uliyaweka kwa sababu yangu!"

"Na wewe usukani ulimfichia nani? Pweza?"

Sikudhani akajifunga kanga kiunoni. "Nusu ni yangu. Ningeziacha kamba zenu, ule mkoko ungeondoka na mbavu za mashua."

"Wewe ulitaka tufungwe!" wakasema wote wawili, mara ya kwanza kupatana.

"Nilitaka hivyo, ndiyo. Mbavu za mashua zinajua nilichotaka?"

Bi Somoe akainuka kitandani, goti na maumivu yake.

"Nyamazeni! Nani aliyemtuma Shaweji? Nani aliyemtuma fundi amtazame Shaweji? Nani aliyemtuma huyu awatazame nyote? Ningemwamini mmoja wenu, mashua yangu ingekwisha. Walioniokolea chombo siyo nyie. Ni wasiwasi wangu. Na wasiwasi ni wangu, basi nusu zote mbili ni zangu."

"Lakini ulituita tuwe mashahidi, Bi Somoe," majirani wakasema.

Mie nina langu rohoni, ila silitoi, msije mkasema nina undugu na mmoja wao. Semeni nyie. Mmoja aliihamisha, mmoja aliizamisha, mmoja aliifungua, na mwenyewe hakumwamini hata mmoja. Nusu moja ni ya Bi Somoe, hiyo haina ugomvi. Ile ya pili, je, nani alistahili kuipata?