Vyeti vya Ujasiri vya Msitu wa Ngorwe

Kisa hiki usikipite juu juu. Kisome hadi mwisho, kisha mpelekee yeyote mwenye kalamu ya kuidhinisha fedha.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Namsifu, ambaye kazi yake kwa miaka ishirini ilikuwa kuzima moto wa misitu. Alipostaafu, hifadhi ya msitu wa Ngorwe ilimwita aunde kikosi kipya na kukifundisha. Kila kiangazi mlima wenye msitu huo uliungua, na fedha za mafunzo zilikuwa zimeshatolewa.

Namsifu alivizunguka vijiji vyote vinavyopakana na msitu. Akachagua warina asali, wachungaji wa Kimaasai, na akina mama wanaokata majani ya ng'ombe kwenye miteremko. Hakuangalia kabila wala jinsia. Alitaka watu wanaoujua mlima, ili awaongezee ujuzi wa kuzima moto na kurudi nyumbani salama.

Mkuu wa hifadhi, Bwana Kitundu, aliyasoma majina yale akacheka.

"Mwalimu, nilikuomba wazima moto. Umeniletea soko la Jumamosi."

Akayakata yote. Akaajiri vijana ishirini wa mjini, warefu, watoto wa watu anaofahamiana nao, na fedha za mafunzo zikaishia kwenye sare na buti. Wakapiga gwaride, wakapigwa picha. Namsifu alipouliza watafundishwa lini, aliambiwa kwamba nguvu wanazo, mengine watajifunzia kazini. Siku hiyo alirudi nyumbani amejaa hasira.

Mwezi wa tisa moto ukawaka. Vijana wa sare wakapelekwa moja kwa moja kwenye korongo, upande ulio juu ya moto. Nakijwa, mmoja wa wale akina mama wakata majani, aliwasihi washuke, kwani mchana upepo hulipanda korongo lile kwa kasi. Hawakushuka, waliamriwa wabaki. Haikuchukua muda, moshi ukawafunika.

Aliyewatoa ni Lemali, mmoja wa wale wachungaji ambao Namsifu aliwachagua. Alichoma ukanda wa nyasi karibu nao, ili moto mkubwa ukifika ukose cha kula. Kisha akaingia kuwavuta mmoja mmoja hadi kwenye ukanda huo uliokwisha kuungua, akisukuma matawi yanayowaka kwa mikono mitupu. Wote ishirini walitoka hai. Mikono ya Lemali iliungua hadi kwenye viwiko.

Wiki mbili baadaye Bwana Kitundu akaandaa sherehe na kualika wakubwa wake. Akausifu sana ushujaa wa wanavijiji, akamwita Lemali apokee cheti. Lemali akasimama, mikono yote imefungwa bandeji. Hakuweza kushika hata karatasi. Namsifu akaombwa ampokelee. Akakataa.

"Bwana Mkuu, unaita ujasiri kitu ulichokataa kukigharamia. Kijana huyu alijua moto utapita wapi. Namna ya kulinda mikono yake ndiyo niliyoomba nimfundishe, na wewe ukacheka."

Bwana Kitundu akawageukia vijana wake, akawaashiria waanze gwaride.

Hawakuanza. Kiongozi wao alivua koti la sare, akalikunja vizuri, akaliweka mezani mbele ya wageni.

"Na sisi hatukufundishwa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Tulitumwa kufa tukiwa tumependeza."

Wengine wakamfuata, koti juu ya koti, mpaka meza ikajaa.

Kabla mwezi haujaisha, wale wakubwa wakaamuru mafunzo yaanze. Warina asali, wachungaji, akina mama na vijana wa mjini wakaketi darasa moja, Namsifu akiwa mbele yao. Lemali naye alihudhuria. Vidole vyake viwili havikunyooka tena, na kila Namsifu alipoviona, hasira ilimpanda upya.

Funzo: Usimnyime mtu mafunzo kwa sababu ya kabila lake, jinsia yake au kazi yake, halafu umsifu kwa ushujaa akishaumia. Anayestahili cheti alistahili kwanza kufundishwa.