Uzinduzi wa Gari la Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Hiyo ndiyo pakawa? Ugali wangu mmeumaliza, halafu mnaniitikia kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, sisi tunasikiliza!

Pakawa gari ndani, njia nje, na mwenye gari katikati anajikuna kichwa. Haya, tulieni. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, cheka kidogo kidogo, usije ukaishiwa.

Hapo kale, lakini si kale sana maana spana zilikuwepo, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa mawe mawe, mdogo, mnene, mkia hana, miguu mifupi. Hiyo miguu ndiyo iliyomtesa. Kila kiangazi, nyika ilipokauka, wanyama wote walikimbilia bondeni kwenye majani mabichi. Swala huyoo! Pundamilia huyoo! Pimbi na mkewe na watoto, tita, tita, tita, wanafika wa mwisho, wanakuta vijiti. Kiangazi kilichopita watoto wake walitafuna magome ya miti mpaka midomo ikachubuka. Songa, kifungua mimba wake, alirudi nyumbani amebebwa mgongoni kwa udhaifu. Pimbi aliona, akalia mbele ya watu, hakuona haya. Akaapa: "Mwaka kesho wanangu watakula majani kama watoto wa wenzangu."

Basi akaenda kwa Nyegere. Nyegere alikuwa na kasha kubwa la mbao, ndani mna gari zima, ila limelala vipande vipande. Ni gari la kujiundia mwenyewe nyumbani: huku fremu, huku magurudumu, huku injini, huku nati tele. Nyegere alijaribu siku moja, akashindwa, akalipiga kasha teke. Pimbi akampa asali yake yote ya msimu, Nyegere akasema, "Chukua balaa lako."

Pimbi akaliburuta kasha mpaka nyumbani, akaliingiza gari bandani kipande kipande, kasha likabaki uani. Banda lenyewe la mawe na magogo, imara kweli kweli. Akaandika ukutani kwa mkaa: GEREJI. Karatasi ya maelekezo akaiweka dirishani, Mbuzi akapita, akaila.

"Wewe Mbuzi! Karatasi yangu!"

"Samahani, jirani. Lakini ilikuwa kavu, hata hukukosa kitu."

Sasa Pimbi akaunda kwa kubahatisha. Kutwa kucha bandani, kong'o kong'o kong'o! Anafunga, anafungua, anafunga tena. Na wimbo wake ndio huu, nisaidieni:

*Kaza nati, kaza!*
*Kiangazi kaja.*
*Kaza nati, kaza!*
*Mwana ana njaa.*

Fremu ikasimama, kong'o kong'o! Magurudumu yakaingia, kong'o kong'o! Usukani ukaingia, kwanza nyuma, kisha ukahamia mbele. Injini ikaingia, akaipa mafuta, akaizungusha. Kwe! Kwe kwe! Brrrrrrm! Watoto wakaruka, Pimbi akaruka, kuku wa jirani wakahama.

Mkewe, Mama Songa, akaja amejifunga kanga kiunoni. Akalizunguka gari. Akatazama gari, akatazama mlango. Akatazama mlango, akatazama gari.

"Baba Songa."

"Naam, mke wangu."

"Gari zuri. Litatokea wapi?"

Pimbi akaugeukia mlango. Akatanua mikono, akaikunja. Gari pana namna hii, mlango mwembamba namna hii! Jamani, fundi mzima, amepima kila nati, mlango hakuupima! Akachukua nyundo, akaupiga ukuta, ng'ang'a! Vumbi tu. Akaupiga tena, ng'ang'a! Mkono ukamuuma. Kulifungua gari upya? Karatasi iko tumboni mwa Mbuzi. Akilifungua halifungiki tena. Na mbali kule moshi wa nyika umeshaanza kupanda, Swala wameshafunga mizigo.

"Makubwa haya," akasema Mama Songa, akatoka uani akakaa kwenye kasha.

Na hilo lilikuwa nusu tu ya balaa. Nusu nyingine ilikuwa Kiboko.

Kiboko ndiye alikuwa mkubwa wa nchi ile, na kazi yake ilikuwa moja: mgeni rasmi. Desturi ilikuwa hivi. Ukitengeneza kitu kipya, hukigusi mpaka kizinduliwe. Unafunga utepe, unaweka mkasi kwenye sinia, Kiboko anakuja na tumbo lake, anahutubia, anakata. Akishakata, lazima akijaribu. Akishakijaribu, hakirudi.

Kanga alifinyanga chungu. Kiboko akakata utepe, akakijaribu, hakikurudi. Kobe alitengeneza baiskeli. Kiboko akakata utepe, akaijaribu, haikurudi. Nungunungu alichimba kisima. Kiboko akakata utepe, akakijaribu kwa kuingia ndani, akalala humo mpaka masika.

Siku ile ya chungu Kanga alilia, akamwambia, "Mheshimiwa, niachie hiki, nina watoto. Chukua kile kingine kidogo."

Kiboko akakunja uso. "Kile kina utepe?"

"Hakina."

"Basi usinivunjie heshima! Mimi nachukua kilichofungwa utepe tu. Kisicho na utepe sikigusi. Mimi si mwizi."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, mnashangaa nini? Watu hupiga makofi.

Sasa ile brrrrm ya Pimbi ilifika mtoni. Kiboko akainua pua. "Ni nini kile?" Kasuku, mshereheshaji wake, akasema, "Mheshimiwa, Pimbi ana gari." Mate yakamtoka Kiboko. Akatuma neno: "Mwambie nakuja kesho. Uzinduzi!"

Mama Songa aliposikia, akashika kichwa. "Tumekwisha. Tumeliwa asali yetu, tukanyang'anywa gari letu, na watoto hawa wataenda kufa kwa miguu."

Pimbi akatazama mlango. Akamfikiria Kiboko, upana wake. Akatazama mlango tena. Halafu akaanza kucheka, hi hi hi, mpaka machozi.

"Umerukwa na akili, Baba Songa?"

"Mama Songa, nipikie pombe ya mtama na nitafutie utepe. Mwekundu, mrefu. Tena waite wote."

Kesho yake nchi nzima ikajaa uani kwa Pimbi. Swala yupo, mizigo kichwani. Kobe yupo, kwa miguu. Kiboko akaja anapepesuka, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Kasuku akapanda juu ya kasha.

"Itifaki imezingatiwa!" akapayuka. "Itifaki imezingatiwa sana!"

Kiboko akahutubia. Akasema maendeleo ni kitu kizuri. Akasema yeye ndiye aliyeleta maendeleo. Akasema Pimbi ni mdogo lakini ana mkubwa wake. Mtoto mmoja wa Swala akasinzia, akaamka, Kiboko bado maendeleo.

Mwisho akauliza, "Utepe uko wapi?"

"Ule pale, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Mlangoni, kama kwenye majumba ya wakubwa."

Kweli, utepe ulikuwa umefungwa mwimo kwa mwimo, na nyuma yake, ndani ya banda, gari linang'aa. Pimbi alikuwa amelipaka mafuta ya nazi kutwa. Kiboko akameza mate, gudu!

"Nipeni mkasi."

Pimbi akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Mheshimiwa, mkasi ni wa wageni wadogo wadogo. Mkubwa kama wewe hukata utepe kwa kifua, akaingia hapo hapo mpaka kwenye usukani. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila mlango wangu mwembamba, nakuonea huruma. Labda tumwite Nguruwe atukatie."

"Nguruwe!" Kiboko akavimba. "Mimi nishindwe na mlango? Mimi? Pisheni!"

Akarudi nyuma. Akakwaruza ardhi. Akaja, puu! puu! puu! puu! Watoto wa Pimbi wakaziba masikio. Utepe, pwaa! ukakatika. Kichwa kikapita. Shingo ikapita. Tumbo likafika mlangoni, likakwama.

"Nisukumeni!" akanguruma.

Hawajasukumwa wakubwa hivyo tangu dunia iumbwe! Kila mtu alikuja. Kobe alisukuma kwa ajili ya baiskeli. Kanga alisukuma kwa ajili ya chungu. Nungunungu naye alisukuma, na mnajua ana nini mgongoni.

"Yalaaa!"

Kiboko akajirusha mbele kwa maumivu, kumebana; akajivuta nyuma kwa nguvu zote, watu wakatawanyika, na mlango ukamfuata. Kraaa! Magogo yakang'oka. Porooo! Mawe yakaporomoka. Ukuta mzima wa mbele ukaja chini, vumbi likajaa, watu wakakohoa. Vumbi lilipotulia, Kiboko alikuwa amesimama katikati ya uwanja, miimo na kizingiti vimembana kiunoni kama mkanda, ubao wa mlango unaning'inia ubavuni na bawaba zake. Na banda, hee, banda lilikuwa wazi kama mdomo.

Kasuku juu ya kasha akatazama utepe. Kipande kimoja kimefungwa mwimo wa kulia, kipande kingine mwimo wa kushoto. Kasuku ni mtu wa taratibu. Akavuta pumzi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akapayuka, "amezindua... mlango!"

Vigelegele! Makofi! Mama Songa alipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka.

"Ngoja!" akasema Kiboko. "Na gari?"

"Gari?" Pimbi akafungua macho makubwa. "Lina utepe, Mheshimiwa?"

Kiboko akatazama gari. Akatazama watu. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na Kanga alikuwa mbele kabisa.

"Hakuna utepe," akasema Kanga polepole. "Na Mheshimiwa si mwizi."

Kiboko akalirukia gari hivyo hivyo, aibu hana. Lakini magogo yale ya kiunoni yakakwama kati ya miti miwili ya uani, yeye huku, miguu huku. Pimbi na mkewe na watoto tayari wamo garini. Kwe! Kwe kwe! Brrrrrrm! Gari likatoka bandani, likayaruka mawe yaliyoporomoka, likashika njia ya bondeni. Akina Kobe wakaning'inia nyuma, na hapo Kobe akawapita Swala kwa mara ya kwanza katika ukoo wao.

Walifika wa kwanza. Majani yalikuwa marefu, mabichi, yana umande. Songa akauma tonge la kwanza, akatafuna, akasema, "Baba, ni laini." Pimbi akageuka pembeni akajifanya anakagua gurudumu, lakini alikuwa analia, na safari hii alilia vizuri.

Na Kiboko? Alirudi mtoni na mlango wake, maana alichozindua lazima akijaribu. Mpaka leo ukipita mtoni utaona tumbo linaelea, na wanyama wakienda kunywa maji humgongea ule ubao: ng'o ng'o ng'o! "Hodi mwenye nyumba!" Naye hujibu kwa hasira, "Hakuna mtu!"

Sasa mafunzo, msilale. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Pimbi alimpisha Kiboko kwa heshima zote, tena mlangoni kabisa, mkaona baraka alizopata. Basi na ninyi waheshimuni wakubwa hivyo hivyo. Na la pili: ukiunda kitu bandani, pima mlango kwanza. Tazameni Pimbi, hakupima, yakamfika makubwa! Akapata gari, akapata majani, wanawe wakashiba, na banda likapata mlango mpana kuliko mabanda yote ya nchi ile. Mnataka yawafike hayo? Basi pimeni.

Nati ya mwisho nimeikaza. Aliyeipenda hadithi, apande twende. Asiyeipenda, ashuke asukume.