Kichwa cha Nguru Alichokivua Mize

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Leo nina hasira, na kisa chenyewe ndicho kilichonitia hasira.

Hapo zamani za kale, samaki wakisema kama sisi, palikuwa na kijiji ambako mwanamume haoi mpaka ampelekee mkwewe kichwa cha nguru. Hupewa siku tatu. Zikipita, posa imevunjika.

Vuai alimposa Mize, msokota mishipi ya kuvulia. Mize alimpenda kweli, na mpumbavu yule alipendwa bure. Akamsokotea mshipi mwembamba, samaki asiuone, na mwishoni, karibu na ndoana, akafunga waya wa shubiri moja.

"Usiutoe," akamwambia. "Nguru ana meno."

"Waya utamtisha," akasema Vuai. "Tena mwanamke anifunze mimi bahari?"

Akafika majini, akaukata waya, akautupa, akafunga ndoana kwenye mshipi mtupu.

Nguru akala chambo. Vuai akavuta, akavuta, akavuta. Nguru akasema, "Mshipi mtupu, meno yangu makali." Kap! Akaenda zake na ndoana.

Mize akafunga waya mwingine. Vuai akaukata tena, jamani. "Mshipi mtupu, meno yangu makali." Kap!

Basi mwanamume mzima akaenda kwa mama yake Mize, akasema, "Mshipi wa binti yako umeoza." Umeoza! Mshipi uliomchubua mtoto wa watu vidole! Mize akausikia uongo huo.

Siku ya tatu akapanda ngalawa pamoja naye. Vuai akatoa kisu aukate waya. Mize akampokonya mshipi.

"Mwanamke havui nguru," akasema Vuai.

"Na wewe umevua wangapi?"

Akatupa ndoana. Nguru akaja. "Mshipi mtupu, meno yangu..." Akauma, akauma, akauma. "Bibi, umenifunga nini?"

"Nilichomfungia huyu, akakitupa."

Akamvuta mpaka viganja vikatoka damu.

Walipofika pwani, Vuai akanyoosha mikono. "Lete kichwa nikipeleke kwa mama, jua halijatua." Hana haya hata kidogo.

Mize akampita, akaenda kukiweka kichwa miguuni pa mama yake.

"Mama, hiki nimekivua mimi, kwa mshipi ulioambiwa umeoza. Vuai hajaleta kitu."

Mama akavitazama viganja vya mwanawe. Akainuka, akamfungia Vuai mlango, akabandika chungu.

Hadithi yangu imeishia mlangoni hapo. Anayemhurumia Vuai asije kuniambia mimi.