Mtamba wa Baiskeli Isiyo na Gia

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni ya juzijuzi tu, baiskeli za gia zilipokwisha kuchakaa vijijini, aliishi mama mmoja akiitwa Ng'wasi. Kazi yake ilikuwa kutunza ng'ombe wasio wake. Kwao ndivyo ilivyo: tajiri anakuwekea ng'ombe, maziwa unakunywa wewe, ndama anabaki wa mwenyewe. Ng'wasi alitunza hivyo miaka kumi na miwili. Siku moja mwenye ng'ombe akaja na fimbo yake, akawaswaga wote, na watoto wa Ng'wasi wakaanza kula ugali mkavu jioni ileile. Hata asante hakupewa.

Basi yakatangazwa mashindano ya baiskeli ya wanawake, kwenda mnadani na kurudi, na zawadi ni mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Ng'wasi akaenda kwa mjomba wake, Mhoja, aliyekuwa na baiskeli kuukuu ya gia ndani ya banda la kuku. Mwaka wa njaa wanunuzi wa vyuma chakavu walimletea debe la mahindi waichukue, naye akakataa, akalala njaa. Sasa akamwambia mpwa wake aitengeneze, aiendeshe.

Ng'wasi akaisukuma hadi kwa fundi Shija, akamwagiza atengeneze gia. Akamwambia mara mbili, gia zote zifanye kazi. Alipoifuata, kesho yake ikiwa ndiyo mashindano, akakuta gia zimetupwa kwenye karai, waya zimeng'olewa, mnyororo umekatwa ukawa mfupi, na nyuma limebaki duara moja tu la meno. Hasira zilimpanda hata akakataa benchi aliloonyeshwa.

"Nani alikutuma?" akamwuliza. "Wenzangu watapanda kilima kwa gia nyepesi, mimi nipande kwa magoti? Baiskeli ya watu umeifanya mkokoteni."

Shija akamjibu kwamba gia zilikuwa zimekufa na vipuri havipatikani. Meno yale ya nyuma aliyafungua kwenye baiskeli yake mwenyewe, na tangu jana anatembea kwa miguu. Yote kweli. Lakini kumwuliza mwenye kazi, hakumwuliza.

Asubuhi wakaondoka. Kilimani wenzake wakampita, mmoja baada ya mwingine, naye akashuka akasukuma huku akimlaani Shija. Walipofika mbugani mvua ikanyesha. Udongo mweusi ukanata kwenye gia za wa kwanza, akakwama. Ukanata kwenye gia za wa pili, akakwama. Ng'wasi hakuwa na gia za kunasa matope. Akakwangua matope ya matairi kwa kijiti, akakanyaga pedeli, akakwangua, akakanyaga, nyayo zikachubuka zikatoka damu, akafika wa kwanza.

Alipopewa kamba ya mtamba, mkono wa Mhoja nao ukaishika.

"Baiskeli ni yangu," akasema. "Nilimwekea mpwa wangu kama anavyowekewa ng'ombe. Kuiendesha ndiyo maziwa yake, na ameyanywa. Huyu ni ndama wangu."

Mkono wa Shija nao ukaishika. "Ningetii alichoniagiza, angekwama mbugani pamoja na wenzake. Nilivunja baiskeli yangu ili yake itembee, nikaambulia matusi."

Ng'wasi akaivuta kamba upande wake. "Mjomba, chuma chako kilikaa na kuku miaka saba, kilizaa nini? Na wewe fundi, ulinidharau, mvua ndiyo iliyokuokoa. Miaka kumi na miwili naambiwa ndama si wangu. Hata huyu niliyemfuata kwa damu ya miguu yangu?"

Waamuzi wa mashindano wakainamisha vichwa bila kuamua, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Ng'ombe hagawanywi akiwa hai, na mikono mitatu bado iko kwenye kamba. Nanyi mnaonisikiliza msiinamishe vichwa kama wale waamuzi. Je, mtamba huyu aingie zizi la nani?