Mpiga Picha Ndani ya Chupa ya Asali

Wapendwa, wekeni simu mifukoni kidogo niwape mfano mmoja, halafu mkale.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja, hodari wa harusi. Hapo hakuwa na mpinzani. Alijua bibi harusi asimame wapi, shela ishikwe vipi, na mama mkwe asogezwe pembeni bila kununa, jambo ambalo peke yake ni karama. Alikuwa na amri zake na mji mzima ulizizoea: "Kidevu juu. Mabega chini. Wenye miwani, vueni." Picha zikitoka, hata aliyekuja harusini na kinyongo anaonekana ana furaha.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo mwenzake aliyewapigia wafanyabiashara picha za bidhaa: masufuria, viatu, makochi, sabuni. Mtu wetu alimcheka sana. "Jirani," humwambia wakipishana, "leo sufuria limekubali kutabasamu?" Jirani hucheka naye, kisha huenda zake kazini.

Sasa nyie ni waumini, mnajua. Kwaresima ikiingia, nani anafunga ndoa? Basi kamera yake nayo ikafunga pamoja na kanisa, ila waumini jioni walikula. Akakaa studio akipangusa lenzi isiyo na vumbi. Siku moja mkewe akaja, akaviangalia vile viti vitupu.

"Baba watoto, mdogo wangu anatafuta chumba cha saluni. Hiki kingemfaa."

"Na mimi niende wapi?"

"Wewe utakuwa unarudi Pasaka."

Maneno yale yalimchoma, maana aliipenda ile studio kuliko alivyoweza kusema.

Ndipo akaingia mama mmoja mfuga nyuki, na kikapu cha chupa za asali. "Kaka, kuna duka kubwa limeniomba picha za asali yangu kabla ya Ijumaa. Wakizipenda, wataichukua mwaka mzima. Nimeambiwa wewe ni fundi."

Je, alisema, "Mama, kazi hiyo siijui, ngoja nikamwulize jirani"? Wapendwa, binadamu mnamjua. Alisema, "Mama, nimewapiga maharusi wa mji huu wote, nishindwe na chupa?"

Akatandika zulia jekundu. Akapanga maua ya plastiki. Akaisimamisha chupa katikati, akaiwashia taa usoni, akapiga. Kilichobaki ni kuiambia iinue kidevu tu.

Mama akazitazama picha moja moja. "Kaka, mimi nauza asali. Huyu mwenye shati la njano aliyemo ndani ya chupa, tumuuze bei gani?"

Akachungulia. Kweli bwana. Kioo cha chupa kilikuwa kimemrudisha yeye mwenyewe, na kamera yake, na tumbo lake, na shati la njano. Kila chupa, yeye yumo. Asali yenyewe ilikuwa nyeusi nyuma yake kama mafuta machafu ya gari. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Mama, nipe mpaka kesho," akasema, akavuka barabara.

"Jirani," akaanza, akakwama, akaanza tena. "Jirani, naomba unifundishe masufuria."

Jirani alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alikuwa na haki yake. Kisha akajifuta machozi, akasema, "Kwanza vua hilo shati."

Wakafanya kazi mchana kutwa. Jirani akamwonyesha kwamba kitu king'aacho hukiwashii taa usoni, maana kitakurudishia. Taa unaipeleka pembeni, au nyuma, unaipitisha kwenye shuka jeupe, na wewe mwenyewe unajificha nyuma ya kitambaa cheusi, unatokeza lenzi peke yake. Alipojificha, asali ikaonekana. Ikawaka kama kaa la moto. Duka likaipenda, mama akarudi na chupa moja ya shukrani, na baada yake wakaja wenye sabuni na wenye viatu. Habari ya saluni ikafa kifo cha kawaida.

Mnadhani mfano umeishia hapo? Mngependa, nawaona mnavyonusa pilau.

Pasaka ikapita, harusi ya kwanza ikafika. Asubuhi, kwa mazoea tu, akatangaza mlangoni mwa kanisa, "Wenye miwani, vueni, inang'aa." Bibi harusi akavua, akampa mpambe wake aiweke mkobani. Akaingia kanisani akiongozwa mkono. Akaapa, akavishwa pete. Wakati wa picha ukumbini, akanyoosha mkono amshike mumewe, akamshika msimamizi.

Watu wakacheka. Mpiga picha hakucheka. Aliikumbuka ile chupa.

"Dada, vaa miwani yako."

"Fundi," akasema mpambe, "si wewe uliyesema inang'aa?"

"Haing'ai yenyewe. Mimi ndiye ninayeiwashia taa usoni."

Akaiinua taa, akaisogeza pembeni. Bibi harusi akavaa miwani, akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ulinyoa ndevu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, naye akapiga picha palepale. Ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Lakini alipokuwa akikunja nyaya zake, moyo ulimuuma. Aliwakumbuka wote aliowavua miwani, walioapa mbele ya ukungu, wakimtabasamia mtu wasiyemwona.

Miaka yote alidhani kasoro ni miwani. Kasoro ilikuwa fundi anayejua kuweka taa mahali pamoja tu.

Na sisi je? Mwalimu unayejua kufundisha kwa kukaripia, ni watoto wangapi waoga umewaita wajinga? Mzee wa kanisa, kijana anayesali kwa namna usiyoizoea, ulimwambia avue nini? Mama, binti yako amefanana na wewe, au umemvua mpaka akafanana? Tunajua jambo moja, tunalijua vizuri, halafu tunawapunguza watu ili watoshee humo. Tukizitazama picha zetu kwa makini, tutamkuta mtu mwenye shati la njano.

Wiki hii mtu akikuharibia picha yako, usimwambie avue kitu. Vuka barabara kwanza, hata kama jirani atakucheka. Taa yako haikupigiliwa misumari. Isogeze.