Kisima cha Rika la Maina

Kiselema ni jembe lililolimiwa mpaka likabaki kipande. Mwenye nalo hulitupa nyuma ya zizi, akaenda shambani kutamba na jembe jipya. Wahenga, ambao hawakuwa watu wa kudanganywa na mng'aro wa vitu vya dukani, walituonya kwamba usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Maana yake ni kwamba kile tunachokiona duni chaweza kutufaa pale tunachokisifu kinapogonga mwamba. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Mzee Waitara wa kijiji cha Itiryo, kwetu Ukuryani.

Mzee Waitara alikuwa mfugaji hodari, mwenye sauti nzito na hasira za karibu. Alimpenda sana bintiye Wegesa, na alipofaulu mtihani wa kidato cha pili alimchinjia jogoo. Hakujua kwamba Januari iliyofuata, wanafunzi walipotakiwa kuchagua mkondo wa masomo, binti huyo alichagua sanaa kwa hiari yake. Aliambiwa habari hiyo likizo ya Juni na mpwa wake Emanueli, aliyekuwa akisoma sayansi katika shule hiyo hiyo na kuyacheka masomo ya sanaa.

"Historia?" mzee alifoka. "Mkoloni alishakwenda kwao, wewe unamtafutia nini? Mwenzako Emanueli atafanya kazi mgodini, avae kofia ngumu. Wewe utavaa nini?"

"Tata," Wegesa alimjibu baba yake, "nayapenda masomo haya. Sikukimbia sayansi, kemia nilifaulu."

"Kupenda! Hata mbuzi anapenda mahindi ya watu. Shule ikifunguliwa nakupeleka mwenyewe kwa mkuu, unahamia sayansi. Nimemaliza."

Wegesa alilia kwa uchungu. Hakuwa mtoto wa kujiliza ovyo. Alikuwa msichana wa kujikaza, ambaye alipokuwa shule ya msingi aliamka kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule na bado akaongoza darasa. Lakini historia ilikuwa imemkaa moyoni tangu siku Mwalimu Luciana alipowaambia, "Historia siyo kukariri tarehe, wanangu. Ni kuuliza, na kuuliza pande zote mbili." Tangu hapo Wegesa aliuliza kila mtu kila kitu, mpaka mama yake akambandika jina la polisi.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Mpakani mwa ardhi ya Mzee Waitara na ya jirani yake, Mzee Mogesi, palikuwa na kisima cha kunyweshea mifugo, na kila mmoja alidai ni chake. Mzee Waitara alikizungushia miiba. Vijana wa Mogesi waliing'oa. Vijana wa Waitara wakaanza kunoa mapanga hadharani, na wanawake wakaacha kusalimiana njiani. Baraza la kijiji likaitishwa haraka kabla damu haijamwagika.

Emanueli alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikuja na futi kamba, akapima kutoka jiwe la mpaka la huku hadi la kule. Alipima vizuri wala hakukosea, ila kipimo kilionyesha kwamba kisima kiko katikati kabisa. Shauri likabaki pale pale. Wazee wa pande zote walipoulizwa, jibu lao lilikuwa moja: "Kilichimbwa na babu zetu wa rika la Maina." Kila upande ukamwona mwenzake mwongo. Baraza likaahirishwa hadi wiki iliyofuata.

Jioni hiyo Mzee Waitara alimwita bintiye. "Wewe si mtu wa historia? Basi kusanya habari za babu yangu, usimame barazani uzieleze. Ukinishindia kesi hii, soma historia yako mpaka uchoke. Nikishindwa, ni sayansi."

Wegesa alifurahi kupita kiasi. Aliwauliza wazee wa ukoo wao, nao wakamsimulia jinsi babu wa baba yake alivyochimba kisima kile kwa sururu aliyoinunua dukani Musoma. Angeweza kuishia hapo. Lakini maneno ya mwalimu hayakumpa usingizi, akapiga moyo konde, akaenda kwa Mzee Mogesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Babako amekutuma kunipeleleza?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuuliza. Hao Maina wenu walichimba kwa chombo gani?"

Mzee Mogesi alicheka. "Chombo! Walichimba kwa miti iliyochongwa ncha na kukaushwa motoni. Wakati huo mzungu hajaonekana, na sotoka iliyomaliza ng'ombe bado haijafika."

Wegesa alisimama kama aliyemwagiwa maji. Miti huku, sururu ya dukani kule! Kumbe walikuwa Maina wawili. Kila Mkurya anajua kwamba majina ya marika huzunguka: likiisha la mwisho hurudi la kwanza, na wana wa vitukuu hupewa jina walilokuwa nalo babu wa babu zao. Wazee wote walilijua hilo vizuri mno, na kwa hasira zao hakuna aliyekumbuka kuuliza ni Maina yupi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Ila waliotangulia kuchimba walikuwa watu wa Mogesi, na kulisema hilo ni kumshinda baba yake mwenyewe.

Siku ya baraza Wegesa aliposimama, mzee mmoja aliguna kwamba mtoto wa kike hana neno mbele ya wanaume. Mama Scholastica, mjumbe wa baraza, alimkatiza kama anayemkemea kijana: "Mwache aseme. Mura, wewe umesema wiki nzima na hatujapata maji."

Wegesa aliwageukia wazee wa pande zote mbili. Alieleza habari za miti, akaeleza za sururu. Kisha akasema, "Wazee wangu, Maina wa kwanza walikichimba kisima. Hao ni watu wa Mzee Mogesi. Kisima hakichimbwi mara ya pili ila kiwe kimefukiwa; basi mchanga ulikifukia, na Maina wa pili, babu zetu sisi, wakakifukua. Bila wale kisima kisingekuwapo, na bila hawa kisingefika leo."

Mzee mmoja mkongwe wa upande wa Mogesi akaitikia taratibu, "Kweli. Baba alinisimulia kwamba kiliwahi kufukiwa. Nilikuwa nimesahau."

Halafu Mzee Mogesi akainuka, akamwendea jirani yake na kumpa mkono. Baraza likaamua kisima kiwe cha pande zote mbili, na vijana waliokuwa wamenoa mapanga wakatumwa kuyatumia kuondoa miiba.

Njiani kurudi nyumbani Mzee Waitara alitangulia kwa hatua ndefu. Wegesa alimfuata nyuma akijua kwamba historia ameipoteza kwa mdomo wake mwenyewe. Iliuma sana, ingawa hakujuta.

Shule ilipofunguliwa baba alimpeleka hadi mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule, kama alivyoapa. Mwalimu Luciana alikuwa humo, na Emanueli alikuwa amesimama nje akitabasamu.

"Mwalimu," Mzee Waitara alianza, "nilikuja kumhamisha huyu. Nilimwambia nikishindwa kesi anakwenda sayansi, na kesi kweli sikushinda." Alikohoa. "Lakini wanangu wote wako hai, na wa Mogesi wako hai. Angedanganya ili nishinde, leo ningekuwa nazika. Mwacheni hapo hapo kwenye historia yake. Na kama kuna kitabu anachohitaji, niambieni, nitauza dume la mbuzi."

Wegesa alishindwa kujizuia. Alimkumbatia baba yake mbele ya walimu, jambo ambalo si la kawaida kwetu, na mzee yule mkali akaangalia juu kwenye paa ili machozi yasionekane. Emanueli ndiye aliyembebea binamu yake sanduku hadi bwenini, na tangu siku hiyo hakuthubutu tena kuyacheka masomo ya sanaa. Hakika, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.