Boga la Mbegu Lililoomba Mara Tatu

Nianze, nisianze? Anza!

Baridi ya Rungwe ilikuwa ukingoni. Nyumbani lilibaki boga moja la mbegu, limening'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Ambakisye, mwenye digrii ya kilimo na njaa, akalishusha.

"Usinikate," boga likasema.

Nusura akanyage moto!

"Usinikate, kaka."

"Shut up! Umesoma wapi wewe?"

"Usinikate, nakusihi."

Akakata. Lahaula! Mbegu zikaota miguu, zikatimua mbio. Shambani kabichi zikang'oka, viazi vikafukuka, vyote vikazifuata mbegu msituni.

Mama yake akaingia na ndoo ya samadi. "Mwanangu, umemkata mama yao?"

Ambakisye akatoka mbio kuelekea msituni, akiziita mbegu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Haikugeuka hata moja.

Yangu yameisha, mwenye njaa akalale nayo.